Sura ya Saba: Gari la Katikati

Hakuna kitu kilichomchosha Inspekta Msumari kama mshukiwa mwenye adabu. Jambazi akikutukana, unajua pa kuanzia. Mwongo akiapa kwa mama yake mzazi, unamwachia kamba mpaka ajifunge mwenyewe. Lakini dereva huyu alikuwa ameketi mbele yake, mikono juu ya meza kama mwanafunzi anayesubiri kukaguliwa kucha, na kila swali alilijibu kwa "ndiyo afande" au "samahani afande." Na majibu yenyewe yalikuwa yale yale ya jana.

"Tuanze tena," Inspekta alisema.

"Sawa afande. Nianzie nilipoamka au nianzie getini?"

"Getini."

Madereva wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu tangu apate leseni hajawahi kulipita gari la mtu. Walisema hata kobe akimpigia honi, atasogea pembeni ampishe. Taratibu akakohoa kidogo, akaomba radhi kwa kukohoa, akaanza.

Magari yalikuwa matatu, yote meupe, yote ya aina moja, yote yana vioo vyeusi. Mbele yao ilitangulia pikapu ya jeshi. Siku hiyo wageni wawili wa mradi wa daraja, mhandisi na mpima ardhi, walipanda kwake, na askari akamwelekeza akae katikati. Magari mengine mawili yalikuwa hayana mtu ila dereva, ya kuzuga tu. Walipofika kwenye kona ya machimbo ya mchanga, pikapu ya jeshi ikalipuka. Watu wa msituni wakatoka vichakani, wakawamalizia askari kwa risasi. Kisha wakalipita gari la kwanza kana kwamba ni jiwe, wakaja kwake moja kwa moja. Wakavunja vioo, wakawatoa wageni, wakaingia nao msituni.

"Na wewe hawakukugusa."

"Mmoja alinisukuma, afande."

"Askari wameuawa, wageni wametekwa, wewe umesukumwa."

"Ndiyo afande. Halafu akaniambia pole."

Koplo aliyekuwa akiandika pembeni alisimamisha kalamu. Alikuwa mwanamke mfupi, kituo kizima kikimwita Redio, kwa kuwa hazimiki hata betri zikiisha. "Afande, hili la pole tuliache. Mtu akilisoma atadhani tumelitunga sisi."

"Liandike."

"Haya. Akaambiwa pole. Kesho tutaandika alipewa na chai."

Inspekta hakucheka. Alasiri ile Meja wa jeshi angekuja kumchukua Taratibu ampeleke kambini kwake. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, na karatasi ya kumchukua ilikuwa imeshasainiwa. Baada ya shambulio lililotangulia hili, wanaume wawili walipelekwa kambini humo kuhojiwa. Mmoja alirudi hawezi kushika kijiko. Mwingine familia yake bado inamsubiri. Na nje hapo, kwenye benchi la barazani, mke wa Taratibu alikuwa amekaa tangu asubuhi na mfuko wa nguo safi mapajani, akimtazama kila aliyevaa sare kama anayempima urefu wa kaburi.

Ushahidi wa Meja ulikuwa mmoja: asubuhi ya shambulio, kabla hajafika kazini, Taratibu alipiga simu. Inspekta akaipiga namba ile na kuweka sauti ya nje.

"Nani wewe?" sauti ya mwanamke mzee iliuliza.

"Polisi, mama."

"Polisi gani anapiga simu bila kusalimia?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema sasa."

"Dereva mmoja alikupigia asubuhi ile ya shambulio. Mlizungumza nini?"

"Huyo ni mkwe wangu. Alinisalimia. Hunisalimia kila siku kabla hajaenda kazini, mvua inyeshe, jua liwake. Nilimwambia binti yangu kabla hawajaoana, mwanamume huyu ni mzuri, lakini anachosha. Mmemshika kwa lipi?"

"Tunamhoji tu, mama."

"Basi mpeni maji ya uvuguvugu. Ya baridi yanamkwaruza koo."

Simu ikakatika. Taratibu aliinamisha kichwa. "Samahani afande. Mama mkwe ni mkali kidogo."

"Huyo ndiye mtandao wa magaidi," Redio alisema. "Nimeogopa hata mimi."

Inspekta akainuka. Ushahidi wa Meja ulikuwa umegeuka maji ya uvuguvugu, lakini swali la Meja lilibaki palepale, zito kama gunia la saruji: watu wa msituni walijuaje kwamba wageni wako katika gari la katikati?

---

Meneja wa magari wa mradi aliwapokea katika ofisi ya bati iliyochemka kama sufuria. Ukutani palikuwa na kiyoyozi kikubwa, kimya. Shati la Inspekta lilishaganda mgongoni kabla hajaketi.

"Kimeharibika?" aliuliza, akikinyooshea kidole.

"Kizima kabisa. Cha wageni hicho." Meneja alivuta droo, akawaonyesha rimoti imelala ndani kama pete ya urithi. "Bosi akiingia nawasha, akitoka nazima. Sisi tumezaliwa na jua, litatufanya nini? Upepo wa Mungu ni bure. Tangu niikamate idara hii, afande, mafuta na umeme vimeshuka mpaka makao makuu wakaniandikia kunipongeza."

"Hongera," Redio alisema, akijipepea kwa kofia.

Inspekta alitaka kujua jambo moja: nani anajua mapema wageni watapanda gari gani?

"Hakuna," Meneja alijibu. "Mimi sijui. Madereva hawajui. Wageni wenyewe hawajui. Magari yakishafika getini, askari anakusanya simu zetu zote kwenye ndoo, ndipo ananyoosha kidole: mgeni huyu apande hili, hili likae mbele, lile nyuma. Kisha geti linafunguliwa, wanaondoka. Hakuna hata nafasi ya kupiga chafya."

"Askari aliyenyoosha kidole siku ile yuko wapi?"

Meneja alishusha sauti. "Alikuwa kwenye pikapu, afande."

Mlango huo ukafungwa. Inspekta akaenda kuujaribu mwingine. Gari la Taratibu lilikuwa nyuma ya gereji, vioo vya pembeni vimepasuliwa. Alilizunguka akitafuta alama yoyote ambayo mtu angeweza kuitambua kwa mbali: mkwaruzo, stika, taa ya rangi tofauti. Akatandika gunia, akaingia chini ya gari kutafuta kifaa cha kurusha mawimbi. Alipapasa kila pembe ya chuma mpaka kiwiko kikachubuka, akatoka na grisi puani na mikono mitupu. Akaingia chini ya gari la pili. Akaingia chini ya la tatu. Magari yale yalifanana kama mayai ya trei moja.

"Afande," Redio alisema, "ukitoka hapo wakuajiri. Wanatafuta fundi."

"Nyamaza kidogo, Koplo."

"Nanyamaza. Ila pua yako ina grisi."

Inspekta akakaa juu ya tairi kuukuu. Siri isiyojulikana na mtu haiwezi kuuzwa. Asiyejua, hata umpige namna gani, hana cha kutoa. Basi kama hakuna aliyesema, watu wale walijua kwa njia gani? Binadamu ana mdomo, sawa, lakini pia ana macho. Labda hakuna aliyeambiwa kitu. Labda waliona.

Waliona nini, na vioo ni vyeusi kama usiku wa manane?

Akamwomba Meneja ayapange magari matatu mazima kama siku ile. Meja aliitwa kwa simu, naye akaja, kwa kuwa geti lilikuwa la askari wake. Alikuwa mwanamume mkavu, macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakutaka msafara utoke nje ya uzio, na hapo Inspekta hakubishana naye. Wangeizunguka barabara ya ndani, kutoka gereji mpaka mashine ya kokoto na kurudi. Mkuu wa mradi, mgeni mrefu ambaye tangu wenzake watekwe alikuwa akitembea kama anayetafuta kitu alichokidondosha, alikubali kupanda.

"Unapoteza muda," Meja alimwambia Inspekta walipokuwa wakipanda juu ya lundo la kokoto. "Alasiri imefika. Nikitoka hapa napitia kituoni kwako."

"Nipe mizunguko mitatu tu."

Kule gereji, askari alikusanya simu kwenye ndoo, akanyoosha kidole huku na kule. Magari yakaondoka. Juu ya kokoto, Inspekta alikodoa macho kutafuta umbo la mtu nyuma ya vioo vyeusi. Gari la kwanza likapita. Kioo cha dereva kilikuwa kimeshushwa mpaka chini, kiwiko nje, dereva anaimba. Gari la pili likapita limefungwa kote, linang'aa, halina sauti. La tatu likapita, vioo vyote vinne chini, dereva anajifuta jasho kwa kitambaa.

Inspekta akasema polepole, "Mgeni yuko la pili."

Meja akauliza kwa simu yake ya upepo. Lilikuwa la pili.

"Umebahatisha."

"Badilisheni."

Wakabadilisha. Safari hii gari la kwanza ndilo lililokuja limefungwa; mawili ya nyuma yalikuja wazi kama maduka ya sokoni.

"La kwanza," alisema Inspekta.

Likawa la kwanza. Mzunguko wa tatu ukaanza. Redio ndiye aliyewahi kusema: "La mwisho." Meja hakuhitaji kuuliza. Alikuwa ameshaona mwenyewe.

Inspekta akamgeukia Meneja aliyesimama chini ya lundo. "Dereva asiye na mgeni anaruhusiwa kuwasha kiyoyozi?"

"Marufuku," Meneja alijibu kwa fahari. "Nikimkamata, anaenda nyumbani. Kinakula mafuta hicho."

"Na asipokiwasha, akafunga vioo, jua hili?"

"Ataiva, afande. Lazima afungue ..." Aliyatazama magari matatu yaliyosimama mbele ya mashine, mawili wazi, moja limefungwa. Akakaa juu ya kokoto na suruali yake ya kitambaa. "Lakini mimi nilikuwa nabana mafuta tu," alisema. "Nilikuwa nabana mafuta tu."



---

Kwa dakika chache Inspekta alidhani kazi imekwisha. Hilo lilikuwa kosa lake. Alikuwa amesahau kwamba ukweli ukimfikia mkubwa bila kupiga hodi, hukaribishwa kama mwizi.

"Kwa hiyo," Meja alisema walipofika kwenye kivuli cha gereji, "vijana wangu wamekufa kwa sababu ya kiyoyozi."

"Wamekufa kwa sababu ya waliowaua. Lakini waliowaua hawakuhitaji msaliti. Walihitaji mtu wa kukaa kando ya barabara na kutazama magari yakipita, siku kadhaa, basi. Akiona lililofungwa, anawaashiria wenzake. Kila muuza maji wa barabara ile anaweza kulijua hili."

"Mpango wa magari matatu ni wangu. Niliuchora mimi."

"Najua."

"Mama wa mmoja wao anakuja kesho kuchukua mwili. Nimwambieje? Nimwambie tulizuga kwa magari matupu, tukasahau kwamba madereva wanasikia joto?" Sauti yake haikupanda. "Nikimpa msaliti, atakuwa na mtu wa kumlaani. Atalala."

"Na huyo dereva? Ana mke."

"Unajuaje kwamba si yeye aliyewaambia watazame vioo?"

Inspekta hakujua. Hakuna mtu duniani angeweza kuthibitisha kwamba jambo hilo halikutokea. Unaweza kumtetea mtu kwa aliyoyafanya. Kwa asiyoyafanya utashika wapi?

"Karatasi yangu imesainiwa," alisema Meja. "Naandika taarifa ya leo, kisha nakuja."

Njiani kurudi kituoni Inspekta alipiga usukani kwa kiganja. Redio, kwa mara ya kwanza wiki ile, alikaa kimya mpaka mzunguko wa soko.

"Karatasi ya Meja," hatimaye alisema, "si inamhusu mtu ambaye hajafunguliwa shtaka?"

"Ndiyo."

"Mwenye shtaka mahakamani hachukuliwi."

"Mpaka hakimu aseme. Lakini tumshtaki kwa lipi? Mtu huyu hata barabara havuki bila kuiomba ruhusa."

Redio akamtazama. Inspekta akaongeza mwendo.

---

"Nitukane," Inspekta alisema.

Taratibu aligeuka kutazama nyuma yake, kama kuna mtu mwingine anayeambiwa. Chumbani walikuwa watatu tu.

"Samahani afande?"

"Nitukane mbele ya Koplo. Kumtukana polisi akiwa kazini ni kosa. Nikikushtaki kwa hilo, unapelekwa kwa hakimu sasa hivi, unakuwa mtu wa mahakama, na jeshi haliwezi kukugusa. Utakaa mahabusu siku chache. Ni bora kuliko wanakotaka kukupeleka. Umeelewa?"

"Nimeelewa afande. Lakini hujanikosea."

"Nimekulaza sakafuni."

"Ni kazi yako, afande."

"Jaribu."

Taratibu alikunja uso, akavuta pumzi. "Wewe ni mtu ... mgumu kidogo."

Redio akaweka kalamu chini. "Hilo hakimu ataliona barua ya sifa."

"Mtukane mama yangu," alisema Inspekta.

"Yuko hai, afande?"

"Yuko hai."

"Msalimie sana."

Inspekta alijishika kichwa. Nje, injini ilinguruma kisha ikapita. Halikuwa gari la Meja, lakini lingefika. Alivuta kiti, akakaa karibu na Taratibu, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa, akampa ukweli. Akamweleza kuhusu vioo. Magari matupu yaliyopita wazi, la wageni lililopita limefungwa, mtu kando ya barabara anayetazama. Hakuna aliyesaliti. Meja amejionea kwa macho yake, na bado anakuja.

Taratibu alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo alama ilikuwa vioo nilivyofunga mimi," alisema.

"Ulifuata amri."

"Mhandisi alitaka vifunguliwe." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Tulipovuka reli alisema anataka hewa, harufu ya kiyoyozi inamtia kichefuchefu. Nikamwambia hapana bosi, ukiwa ndani ni lazima tufunge tuwashe, Meneja atanigombeza. Aliniomba mara mbili. Mimi nikamkatalia kwa adabu."

Kisha adabu ikamwisha. Alianza na Meneja na droo yake, akamtaja kwa sehemu ambazo mtu huzifunika. Akaenda kwa Meja, na mchoro wake, na kalamu aliyouchorea. Halafu akamgeukia Inspekta, ambaye anayajua yote haya na bado amekaa hapa anamchezesha kama mwanasesere, akamtukana yeye, na cheo chake, na mama yake aliye hai, na bibi yake, na tumbo lililomleta. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta. Aliyasema mambo ambayo Inspekta, kwa miaka yote ya kushika majambazi, hakuwahi kuyasikia yakipangwa kwa mfuatano ule.

"Polepole," Redio alisema, akiandika mbio, "kalamu haifiki."

Taratibu alipomaliza alilaza kichwa mezani. Hakusema samahani.

---

Gari la Meja liliingia uani wakati gari la polisi linatoka kwenda mahakamani, Taratibu akiwa nyuma katikati ya makonstebo wawili. Meja aliisoma nakala ya shtaka akiwa amesimama.

"Kumtukana polisi."

"Maneno makali sana, Meja. Nimeumia."

"Unanichezea."

"Mtu ni wa hakimu sasa. Mwombe yeye." Kisha Inspekta akaacha utani. "Wageni wako msituni, na dereva yule hajui wako wapi. Siku nne tumezitumia kumhoji mtu anayempigia simu mama mkwe wake. Tafuta aliyekaa kando ya barabara, Meja. Nitakusaidia. Naanza sasa hivi ukitaka."

Meja aliikunja nakala ndogo, ndogo zaidi, mpaka haikukunjika tena. Akatembea mpaka kwenye gari lake, akasimama hapo na mkono juu ya mlango, hakupanda. Alikuwa akisikiliza. Mke wa Taratibu alikuwa ameinuka kwenye benchi.

Alikuja mpaka mbele ya Inspekta, mfuko wa nguo mkononi. "Wanasema mume wangu ametukana."

"Ndiyo, dada."

"Mume wangu hajawahi kumtukana hata mbwa. Umemfanya nini huyo mtu mpaka akatukana?"

Inspekta aliutazama mkono wa Meja juu ya mlango wa gari. Neno moja la kumweleza mwanamke huyu kwamba matusi yalipangwa, Meja akalisikia, na karatasi mpya ingekuwa kwa hakimu kabla ya magharibi. Akanyamaza.

Basi mwanamke akaanza. Hakupiga kelele. Alimwambia Inspekta yeye ni mtu wa aina gani, na sare ile imefunika nini, na watoto wake watamkumbuka kwa lipi siku akifa, na akaendelea hivyo, neno baada ya neno, mpaka makonstebo wa kaunta wakatoka kusikiliza na mahabusu wa dirishani wakanyamaza.

Redio alimsogelea bosi wake, kalamu mkononi. "Afande," alinong'ona, "na huyu nimwandikie? Ni kosa lile lile."

"Huyu mwache," Inspekta alisema. "Hajakosea hata neno moja."